Walimu wa Elimu Maalum: Stahiki, Mazingira ya Kazi na Ustawi Wao Katika Shule za Vijijini

Kata ya Kalinzi ipo katika Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma, kwenye vilima vinavyopitiwa na barabara itokayo Mwandiga kuelekea Manyovu, karibu na mpaka wa Burundi. Ni eneo la kahawa, migomba na maharage, na watoto wake wengi huingia darasa la awali wakiwa wamelelewa kwa lugha ya Kiha. Katika kata kama hii, elimu ya mtoto asiyeona, kiziwi, mwenye usonji au mwenye ulemavu wa akili hutegemea mambo mawili: kuwapo kwa mwalimu aliyesomea kumfundisha, na uwezo wa mwalimu huyo kudumu kazini akiwa na afya na ari.

Jambo la kwanza huzungumzwa mara kwa mara katika mipango ya elimu. La pili hupewa nafasi ndogo zaidi, ingawa ndilo linaloamua kama kitengo cha elimu maalum kilichofunguliwa mwaka huu kitaendelea kuwapo mwaka kesho. Makala haya yanaeleza kazi ya mwalimu wa elimu maalum ilivyo, stahiki alizonazo kisheria, ofisi zinazowajibika kwake, na sehemu ambazo halmashauri, shule na wananchi wanaweza kumpunguzia mzigo.

Mwalimu wa elimu maalum ni nani

Elimu kwa watoto wenye ulemavu nchini ilianza kwa juhudi za taasisi za dini. Shule ya kwanza ya wasioona ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950 huko Buigiri, Dodoma, na shule ya kwanza ya viziwi ilianzishwa na Kanisa Katoliki mjini Tabora mwaka 1963. Baadaye Serikali ilianza kuwasomesha wanafunzi wenye ulemavu pamoja na wenzao, na Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam ni miongoni mwa mifano inayofahamika zaidi ya hatua hiyo. Leo wanafunzi hawa husoma katika mazingira ya aina tatu: shule maalum, vitengo vilivyomo ndani ya shule za kawaida, na madarasa jumuishi ambamo mwanafunzi mwenye ulemavu hukaa dawati moja na asiye na ulemavu.

Mwalimu wa elimu maalum ni yule aliyepata mafunzo ya kufundisha kundi mojawapo au zaidi ya wanafunzi hao. Chuo cha Ualimu Patandi kilichopo Tengeru, mkoani Arusha, ndicho kinachojulikana zaidi kwa kuandaa walimu wa fani hii, na vyuo vikuu kadhaa, kikiwamo Chuo Kikuu cha Dodoma, hutoa shahada ya elimu maalum. Kwa mwalimu wa Kigoma, kwenda Patandi ni kuvuka karibu nchi yote, kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika hadi chini ya Mlima Meru. Umbali huo una gharama kwa mwalimu mwenye familia, na ni sababu mojawapo inayofanya ruhusa ya masomo na mpango wa mafunzo wa halmashauri kuwa mambo ya msingi, si ya hiari.

Ni vyema ikaeleweka pia kwamba mwalimu aliyesomea ulemavu wa kuona si lazima awe na ujuzi wa lugha ya alama, na aliyesomea uziwi si lazima ajue kusoma nukta nundu. Mara nyingi wananchi, na wakati mwingine hata viongozi wa shule, huwachukulia wote kuwa kitu kimoja. Matokeo yake ni mwalimu mmoja kukabidhiwa watoto wenye mahitaji yanayotofautiana kabisa, akitarajiwa kuyamudu yote kwa sababu tu cheti chake kina maneno "elimu maalum".

Kazi isiyoonekana kwenye ratiba

Ratiba ya shule huonyesha vipindi. Haionyeshi saa ambazo mwalimu wa elimu maalum hutumia kabla na baada ya vipindi hivyo. Mwalimu wa mwanafunzi asiyeona huandika upya kwa nukta nundu kila zoezi ambalo halikuja likiwa limechapishwa, ukurasa mmoja wa kawaida ukigeuka kurasa kadhaa nene, kisha husoma majibu ya mwanafunzi kwa nukta nundu na kuyarudisha katika maandishi ya kawaida ili mwalimu wa somo ayasahihishe. Mwalimu wa viziwi husimama mbele ya darasa akitumia mikono, uso na macho kwa siku nzima, na hawezi kuwapa mgongo wanafunzi akiandika ubaoni huku akiendelea kueleza somo, kwa kuwa mgongo wake hauna lugha.

Kwa mwalimu wa wanafunzi wenye ulemavu wa akili au usonji, somo la siku linaweza kuwa kufunga vifungo vya shati, kunawa mikono au kutamka haja ya kwenda chooni. Humnyanyua mtoto mwenye ulemavu wa viungo kutoka kwenye kiti mwendo, humtuliza aliyepandwa na hasira asiyoweza kuieleza, na humhudumia mwenye kifafa anapoanguka darasani. Kazi hizi huchosha mgongo, sauti na akili. Pasipo mtu wa pili chumbani, mwalimu hawezi hata kutoka kwa dakika tano.

Kalinzi na kata jirani zina jambo lingine linaloongeza kazi, nalo ni lugha. Mtoto kiziwi wa kijijini hufika shuleni akiwa na ishara chache zilizobuniwa nyumbani, ambazo mama na ndugu zake tu ndio wanaozielewa. Mwalimu humfundisha Lugha ya Alama ya Tanzania tangu mwanzo, kisha humfundisha Kiswahili cha kusoma na kuandika, na baadaye Kiingereza. Mama naye, anayezungumza Kiha, huhitaji kufundishwa ishara hizo hizo ili mtoto asirudi kwenye ukimya kila ifikapo jioni. Nyenzo zipo, ikiwamo Kamusi ya Lugha ya Alama ya Tanzania iliyoandaliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2004, lakini kamusi haimfikii mzazi pasipo mtu wa kumfunulia kurasa. Mtu huyo ni mwalimu, na muda anaoutumia kufanya hivyo haumo kwenye ratiba yoyote.

Penye bweni, mzigo huongezeka. Mtoto asiyeona au mwenye ulemavu wa akili hawezi kuachwa usiku bila mlezi. Shule isipokuwa na mlezi wa bweni aliyeajiriwa, mwalimu aliyefundisha mchana ndiye huamka usiku mtoto anapougua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki na kuitambua kazi ya usiku kuwa kazi yenye malipo ya ziada. Hata pale ambapo taratibu za utumishi wa umma zinaongoza namna ya kulitekeleza jambo hilo, kanuni yenyewe ni wazi: saa za usiku ni saa za kazi. Ajira ya walezi wa mabweni kwa hiyo ni suala la mazingira ya kazi ya mwalimu kama ilivyo suala la usalama wa mtoto.

Walimu wa elimu maalum husifiwa mara nyingi kwa moyo wao wa huruma na kazi yao kuitwa wito. Sifa hizo ni za haki. Hata hivyo, hazinunui karatasi za nukta nundu, na haziwezi kuchukua nafasi ya mtu wa kumpokea mwalimu zamu.

Mfano wa Kabanga

Mkoa wa Kigoma una historia yake katika jambo hili. Katika miaka ya mwishoni mwa 2000, mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino yaliyotokea hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na ya magharibi yalisababisha watoto wengi wenye ualbino kuhamishiwa katika shule zenye ulinzi. Shule ya Msingi Kabanga, wilayani Kasulu, ambayo ilikuwa ikipokea wanafunzi wenye ulemavu mbalimbali, ilikuwa miongoni mwa shule zilizowapokea.

Kazi ya mwalimu ilibadilika ghafla. Mtoto mwenye ualbino huwa na uoni hafifu, hivyo huhitaji kukaa karibu na ubao na kupata maandishi makubwa. Ngozi yake huhitaji mafuta ya kinga ya jua, kofia pana na mavazi ya mikono mirefu. Watoto hao, hata hivyo, walikuja pia na hofu, na baadhi yao walikaa muda mrefu bila kuonana na wazazi. Walimu waliosomea kufundisha kusoma na kuhesabu walijikuta wakiwa walezi na washauri nasaha wa watoto walioponea hatari.

Funzo la Kabanga kwa wapangaji wa elimu halihusu ualbino pekee. Linaonyesha kwamba mwalimu wa elimu maalum hubeba sehemu ya maumivu ya wanafunzi wake, na kwamba huduma ya ushauri nasaha shuleni isiishie kwa mtoto. Mwalimu naye anahitaji mahali pa kusema yaliyomzidi, iwe ni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kwa mtoa huduma wa afya ya akili katika hospitali ya wilaya au ya mkoa, au katika vikao vya kawaida vya walimu wa fani hiyo.

Stahiki za mwalimu kwa mujibu wa sheria na taratibu

Mwalimu wa elimu maalum aliyeajiriwa na Serikali ni mtumishi wa umma, na stahiki zake za msingi ni zile zile za mwalimu mwingine. Mshahara wake hufuata ngazi za mishahara ya walimu kwa kuzingatia kiwango cha elimu na cheo, si aina ya wanafunzi anaowafundisha. Nchi jirani ya Kenya imechukua njia tofauti kidogo: Tume ya Utumishi wa Walimu ya nchi hiyo hulipa posho kwa walimu wenye sifa wanaofundisha katika shule na vitengo vya elimu maalum, na posho nyingine kwa walimu wasioona ili wamudu gharama za msaidizi wa kuwasomea. Mfano huo unafaa kujulikana na kila anayefuatilia mjadala wa motisha kwa walimu hapa nchini.

Kuhusu likizo, mwalimu ana haki ya likizo ya mwaka, ambayo kwa kawaida huangukia kipindi cha shule kufungwa, na hulipiwa nauli ya likizo kila baada ya miaka 2 kwa mujibu wa Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009. Mwalimu mwanamke ana likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 anapojifungua watoto pacha. Mwajiri anapomhamisha mwalimu kwa manufaa ya umma, gharama za uhamisho ni za mwajiri. Mwalimu anapoomba mwenyewe kuhama, gharama ni zake. Tofauti hiyo huleta malalamiko mengi ambayo yangeepukika kama barua ya uhamisho ingesomwa kwa makini kabla ya safari.

Katika afya, mwalimu huchangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya asilimia 3 ya mshahara wake, na mwajiri huchangia asilimia 3 nyingine. Bima hiyo humhudumia yeye, mwenza wake na wategemezi wanaotambuliwa. Kwa pensheni, mtumishi huchangia asilimia 5 katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, PSSSF, na mwajiri asilimia 15.

Liko eneo moja ambalo walimu wa elimu maalum hulisahau, nalo linawahusu kuliko wengi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, hutoa mafao kwa mfanyakazi wa sekta ya umma au binafsi anayeumia au kuugua kutokana na kazi. Mwalimu aliyeumia mgongo akimnyanyua mwanafunzi, aliyeng'atwa au kusukumwa akaanguka wakati akimtuliza mtoto, hajapata ugonjwa wa kawaida. Ameumia kazini. Akienda hospitali kwa kadi ya bima na kunyamaza, atatibiwa, lakini tukio halitaandikwa popote, na ulemavu ukijitokeza baadaye itakuwa vigumu kuthibitisha ulikotoka. Utaratibu ulio salama ni kumpa mwalimu mkuu taarifa ya maandishi siku ile ile, kuhakikisha mwajiri, yaani Mkurugenzi wa Halmashauri, anaufahamisha Mfuko mapema, na kuhifadhi nakala za vyeti vya daktari. Walimu wakuu nao wanakumbushwa kwamba kuandika taarifa ya ajali si kukiri kosa la shule.

Vilevile, Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inawalinda walimu ambao wao wenyewe wana ulemavu, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazitaka nchi katika Ibara ya 24 kuajiri walimu, wakiwamo walimu wenye ulemavu, wenye ujuzi wa lugha ya alama na nukta nundu. Mwalimu asiyeona anayefundisha watoto wasioona ni mwalimu, na pia ni ushahidi ulio hai mbele ya wazazi waliokwisha kukata tamaa.

Namna kazi inavyopimwa

Tangu mwaka wa fedha 2023/24, utendaji wa watumishi wa umma hupimwa kupitia mfumo wa kidijitali wa PEPMIS, ambao ulichukua nafasi ya OPRAS. Katika mfumo huo mtumishi na msimamizi wake hukubaliana malengo na kuyafuatilia. Upandishaji vyeo wa walimu, unaosimamiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu, huzingatia utendaji, muundo wa utumishi na bajeti iliyopo.

Hapa mwalimu wa elimu maalum anahitaji uangalifu. Lengo la "wanafunzi wote wajue kusoma, kuandika na kuhesabu" lililonakiliwa kutoka kwa mwalimu wa darasa la pili halifai kwa kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu wa akili. Mtoto aliyeanza mwaka bila kuweza kushika kijiko na kuumaliza akila mwenyewe amepiga hatua kubwa, lakini mfumo utaiona hatua hiyo iwapo tu iliandikwa kama lengo. Mwalimu aandae kwa kila mwanafunzi mpango wa kujifunza wenye hatua ndogo zinazopimika, na mwalimu mkuu akubali kuutumia mpango huo kama msingi wa malengo. Wathibiti ubora wa shule wanapotembelea kitengo, nyaraka hizo ndizo za kuonyeshwa kwanza. Mwalimu anayepata alama ndogo kila mwaka kwa sababu ya malengo yasiyofaa hupoteza cheo, mshahara na hatimaye hamu ya kazi, bila mtu yeyote kuwa amekusudia kumwonea.

Nani anawajibika kwa lipi

Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia husimamia sera, mitaala, vyuo vya ualimu na uthibiti ubora. Chini yake, Taasisi ya Elimu Tanzania huandaa vitabu, vikiwamo vya nukta nundu na maandishi makubwa, na Baraza la Mitihani huweka mazingira maalum kwa watahiniwa wenye ulemavu, ikiwamo nyongeza ya muda. TAMISEMI husimamia shule za msingi na sekondari za Serikali pamoja na walimu wake kupitia halmashauri. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya mwaka 2015, hushughulikia usajili, vyeo na nidhamu, na ina ofisi katika ngazi ya wilaya.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Dodoma tarehe 1 Februari 2025, pamoja na Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26, ndizo nyaraka zinazoongoza mwelekeo wa sasa. Mkoa wa Kigoma pia umo katika mikoa 9 ya programu ya Shule Bora, na mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, hufanyika shuleni na katika vituo vya walimu. Kwa mwalimu aliye peke yake katika fani yake, MEWAKA ya shuleni pekee haitoshi, kwa kuwa hana mwenzake wa kujadiliana naye juu ya nukta nundu au usonji. Halmashauri inaweza kuwakutanisha walimu wa elimu maalum wa kata zake zote mara moja kwa muhula. Nauli ya safari hiyo ni ndogo, na huenda ndiyo huduma ya ustawi iliyo rahisi kuliko zote kuitoa.

Mwalimu mmoja, kitengo kimoja

Tatizo lililo zito zaidi katika shule za vijijini halipo kwenye sheria. Lipo kwenye hesabu. Kitengo chenye mwalimu mmoja hufungwa mwalimu huyo anapougua. Akiwa mjamzito, siku 84 za likizo yake ya uzazi ni karibu miezi 3 ambayo wanafunzi wake watakaa nyumbani au kuketi nyuma ya darasa la kawaida bila kuelewa kinachosemwa. Akihamia kwa mwenza wake wilaya nyingine, kitengo kinaweza kisifunguliwe tena. Mwalimu analijua hilo, na wengi huahirisha matibabu na likizo kwa kuwaonea watoto huruma. Haki inayoweza kutumika tu kwa kuwaumiza wanafunzi ni haki iliyo ngumu kuitumia.

Ndiyo maana suala la ustawi linaanzia kwenye ikama. Halmashauri inapoandaa makisio ya watumishi kila mwaka, mahitaji ya walimu wa elimu maalum yaonyeshwe peke yake, kwa aina ya ulemavu, badala ya kuchanganywa katika jumla ya upungufu wa walimu wa msingi. Mwalimu wa kawaida anayefanya kazi karibu na kitengo aandaliwe kushika zamu kwa dharura. Na mwalimu aliyesomea fani hii asipangiwe darasa la kawaida wakati kitengo jirani hakina mtu. Kosa hilo hurekebishika ndani ya halmashauri yenyewe kwa barua moja.

Nyumba nayo ina uzito. Mwalimu anayeishi mbali na shule, akipanda na kushuka vilima vya Kalinzi katika msimu wa mvua, hufika akiwa amechoka kabla ya kengele ya kwanza. Kahawa inayouzwa katika kata hii hutozwa ushuru wa mazao wa asilimia 3 unaoingia katika mapato ya ndani ya halmashauri, na wananchi kupitia mikutano ya kijiji na Baraza la Maendeleo la Kata wana haki ya kupendekeza sehemu ya mapato hayo ielekezwe kwenye nyumba ya mwalimu au choo chenye njia ya kiti mwendo. Ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka haikukusudiwa kubeba ujenzi wa aina hiyo.

Jambo la mwisho linawahusu wazazi moja kwa moja. Ikama huombwa kwa idadi ya wanafunzi walioandikishwa. Mtoto mwenye ulemavu anayefichwa ndani hahesabiwi, na asipohesabiwa hakuna mwalimu anayeombwa kwa ajili yake. Mwalimu pekee aliyepo hubaki peke yake. Uandikishaji wa darasa la awali na la kwanza hufanyika kuanzia Oktoba hadi Desemba kila mwaka. Mzazi anayehisi mtoto wake ana tatizo la kuona, kusikia, kuelewa au kutembea anatakiwa kumpeleka katika shule ya msingi iliyo karibu katika kipindi hicho, hata kama shule hiyo haina kitengo. Mwalimu mkuu ataandika jina lake na aina ya mahitaji yake, na taarifa itapelekwa kwa Afisa Elimu Maalum wa halmashauri kwa ajili ya upimaji. Huduma za kitabibu za ngazi ya mkoa, pale zinapohitajika, hutolewa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Kigoma, Maweni.

Mwalimu mwenye madai ya stahiki, uhamisho au vifaa huanza kwa mwalimu mkuu na Afisa Elimu Kata, kisha Afisa Elimu Maalum na Mkurugenzi wa Halmashauri. Masuala ya vyeo na nidhamu hupelekwa katika ofisi ya Tume ya Utumishi wa Walimu ya wilaya, na maombi ya likizo na uhamisho huwasilishwa na mtumishi mwenyewe kupitia mfumo wa kielektroniki wa huduma kwa watumishi wa umma. Chama cha wafanyakazi ambacho mwalimu ni mwanachama wake kinaweza kumsaidia kuandaa barua na kumsindikiza katika vikao. Kila dai liwe la maandishi, lenye tarehe, na mwalimu abaki na nakala yake.